Saa Iliyopewa Ufunguo

Leo naomba tuzungumze juu ya milango.

Kama umewahi kufanya kazi katika jengo la ofisi hapa Nairobi, bila shaka unakijua kile kisanduku cheusi kando ya mlango. Unagusisha kadi, kinalia, taa inakuwa ya kijani, unaingia. Usichokiona ni kwamba mfumo umejiuliza maswali mawili. La kwanza: huyu ni nani? La pili: sasa ni saa ngapi? Swali hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi miaka michache iliyopita, na ndilo lililonifanya nianze kuchimba historia ya ratiba za milango.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nikapewa kazi ya kupanga ratiba katika jengo moja la ghorofa sita. (Jengo lenyewe sitalitaja.) Mwenye jengo alitaka visoma kadi viwekwe pande zote mbili za kila mlango, nje na ndani, ili ajue kila mtu ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Wafanyakazi wa usafi walikuwa na zamu ya saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nikajaza: mwanzo 22:00, mwisho 06:00. Mfumo ukakataa. Kwa akili yake, mwisho lazima uwe mkubwa kuliko mwanzo. Nikaandika 22:00 mpaka 23:59, nikajiambia nitarudi kuongeza kipande cha pili, 00:00 mpaka 06:00.

Sikurudi. Simu iliita, nikaenda kushughulikia jambo lingine, jioni nikafunga kompyuta.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kumbukumbu za mlango wa ghorofa ya tatu, upande wa ndani. 00:04, imekataliwa, nje ya ratiba. 00:05, imekataliwa. 00:06, imekataliwa. 00:21. 01:40. Kisha kimya mpaka 05:47: kadi ya mlinzi, imekubaliwa.

Zote zile za kukataliwa zilikuwa kadi moja, ya mama mmoja wa usafi. Simu yake alikuwa ameiacha chini kwa mlinzi ikichajiwa. Kitufe cha dharura cha mlango ule kilikuwa bado kwenye boksi, kikingoja fundi. Alikaa mle karibu saa sita. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, hii kadi yako hunijua hadi saa sita. Ukifika usiku wa manane inanikana."

Mfumo haukuwa umeharibika hata kidogo. Ulifanya nilichouambia. Basi nikataka kujua: ni nani wa kwanza kuipa saa mamlaka ya kumkatalia mtu mwenye ufunguo halali mkononi?

KESHIA NA MAJAMBAZI

Jibu linatupeleka Marekani, miaka ya 1870. Wakati huo makufuli ya namba za siri ya benki yalikuwa yamekuwa magumu kweli kweli. Mwizi hakuweza tena kuyachokoa kwa waya. Lakini kufuli likishakuwa gumu, mwizi haachi wizi. Anamtafuta aliye dhaifu kuliko kufuli. Na aliye dhaifu alikuwa keshia, kwa sababu namba za siri zilikuwa kichwani mwake, na kichwa chake kilikuwa nyumbani kwake, kitandani, pamoja na mkewe na watoto.

Mfano unaojulikana sana ni wa Northampton, Massachusetts. Usiku mmoja wa Januari 1876, wanaume waliofunika nyuso waliingia nyumbani kwa keshia John Whittelsey, wakawafunga watu wa nyumba hiyo, wakamtesa mpaka akatoa namba. Waliondoka benki na mali ya zaidi ya dola milioni 1, nyingi yake ikiwa hati za dhamana.

Dawa ilikuwa tayari imeshabuniwa, ila si kila benki ilikuwa imeinunua. Fundi wa makufuli James Sargent, wa Rochester, New York, alikuwa ametengeneza kufuli la saa mwaka wa 1873, na mwaka wa 1874 la kwanza likafungwa katika benki moja ya mji mdogo wa Morrison, Illinois. Wazo lake ni rahisi. Ndani ya mlango wa sefu kuna saa. Jioni keshia anaijaza kwa idadi ya saa zinazobaki mpaka asubuhi, kisha anafunga mlango. Mpaka saa hizo ziishe, komeo limezuiwa kwa ndani. Namba sahihi hazifungui. Keshia mwenyewe hafungui. Hata Sargent angeitwa, hafungui.

Hapa nilisimama kidogo. Mimi siku zote nilidhani ratiba ya mlango ilibuniwa kwa sababu wakubwa hawawaamini wafanyakazi. Kumbe kufuli la saa lilikuwa pia kinga ya mfanyakazi. Lilimpa keshia neno moja ambalo hakuwa nalo kabla: "Siwezi." Si "sitaki", ambalo mtu anaweza kupigwa mpaka alibadilishe. Jambazi akijua kwamba hata akimuua keshia mlango hautafunguka kabla ya asubuhi, hana sababu ya kwenda nyumbani kwake.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa programu tungefaa kulibandika ukutani. Sargent aliweka saa mbili ndani ya kufuli moja, na ilitosha moja tu kati ya hizo kufika mwisho ili mlango ufunguke. Kwa nini? Kwa sababu saa moja ikisimama usiku, benki nzima imefungiwa nje ya pesa zake, na dawa inayobaki ni kuutoboa mlango. Baadaye makufuli ya saa tatu yakawa ya kawaida. Mafundi hawa walijua mapema kwamba ukiipa saa mamlaka, lazima pia uulize: saa ikikosea, nani ataumia?

VIJITI 24 NA JUMAPILI

Kampuni ya Yale nayo ikaingia sokoni katika miaka hiyo hiyo, na moja ya makufuli yake ndilo babu halisi wa ile skrini ninayojaza mimi. Lilikuwa na sahani ya duara yenye vijiti 24, kimoja kwa kila saa ya siku. Ukisukuma kijiti ndani au ukikivuta nje, unachagua kama saa hiyo mlango utakubali au utakataa. Ukitazama sahani hiyo halafu ukatazama jedwali la ratiba kwenye kompyuta, lenye viboksi vya kuweka alama, utacheka. Ni kitu kile kile.

Lakini sahani ya saa 24 ina kasoro: inarudia siku ile ile kila siku. Haijui Jumapili. Basi ikaongezwa sehemu maalum ya kuhesabu siku, ili Jumapili asubuhi vijiti visifungue mlango wa benki isiyo na mtu. Hapo ndipo ratiba ya siku ilipogeuka kuwa ratiba ya wiki. Na hapo pia ndipo ugonjwa wetu ulipoanza: kila mara saa inapokutana na desturi za watu, inabidi mtu aongeze kipande kingine pembeni.

UFUNGUO WENYE NAMBA YAKO

Makufuli hayo yalijua saa, ila hayakumjua mtu. Upande wa pili wa hadithi ulianzia Auburn, New York, ambako sonara Willard Bundy alibuni mashine ya kurekodi saa za kazi mwaka wa 1888. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wake wenye namba. Ukiuingiza na kuuzungusha, mashine inapiga chapa namba yako na saa kwenye karatasi.

Ufunguo wa Bundy haukufungua mlango wowote. Ulisema tu: namba 37 alikuwa hapa saa fulani. Hizo ndizo kumbukumbu nilizozisoma mimi asubuhi ile. Biashara ya Bundy iliunganishwa na nyingine kuwa International Time Recording Company, ambayo mwaka wa 1911 ikawa sehemu ya Computing-Tabulating-Recording Company, na mwaka wa 1924 kampuni hiyo ikabadilisha jina kuwa IBM. Naam, IBM hiyo hiyo. Moja ya mizizi ya kompyuta za ofisini ni mashine ya kumuuliza mtu, "Umefika saa ngapi?"

KADI HAIJUI SAA

Kuunganisha vitu hivi viwili, nani na saa ngapi, kulingoja elektroniki. Mwaka wa 1973 Charles Walton, mhandisi wa California, alipata hataza ya kadi isiyo na betri iliyofungua mlango kwa mawimbi ya redio. Kampuni ya makufuli ya Schlage ilinunua leseni ya teknolojia yake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, John Wiegand alibuni waya wa pekee ambao usumaku wake hugeuka kwa ghafla na kutoa mpigo wa umeme. Vipande vya waya huo vikapangwa ndani ya kadi, na kadi ikapata namba.

Waya wa Wiegand umeshapitwa na wakati, lakini jina lake limebaki kwenye nyaya kati ya kisoma kadi na paneli. Muundo wake maarufu una biti 26: 8 za namba ya jengo, 16 za namba ya kadi, na 2 za kukagua makosa. Biti 16 zinakupa namba kutoka 0 mpaka 65,535. Basi. Hakuna jina humo, hakuna cheo, na hakuna saa.

Hili ni muhimu kulielewa. Kadi ya mama yule ilikuwa ile ile saa tano usiku na saa saba usiku. Kilichobadilika ni jedwali ndani ya paneli. Katika mifumo mingi jedwali hilo linaitwa "taimu zoni", jina linalowachanganya wengi, kwa sababu halina uhusiano na saa za nchi mbalimbali. Ni orodha tu: siku gani, kuanzia lini, mpaka lini. Kisha unaunganisha kundi la watu, kundi la milango na taimu zoni moja, na hiyo ndiyo ruhusa. Paneli inatunza nakala yake, ili hata mtandao ukikatika mlango uendelee kuamua peke yake. Ni jambo zuri, mpaka jedwali liwe na makosa.

USIKU HAUKATIKI SAA SITA

Sasa turudi kwenye kosa langu. Mifumo mingi, hasa ya bei nafuu, haikubali kipindi kinachovuka saa sita usiku. Sahani ya vijiti ya Yale ilikuwa duara. Usiku ulizunguka bila kukatwa. Sisi wa kompyuta tukaikunjua duara ile ikawa mstari, kutoka 00:00 mpaka 23:59, na mahali tulipoikata ni katikati ya zamu ya mlinzi, ya muuguzi na ya mtu wa usafi.

Kwa Mswahili jambo hili linashangaza. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza na tena linapotua. Usiku ni kitu kimoja kizima, saa moja mpaka saa kumi na mbili. Na kwa hesabu ya Pwani siku mpya inaingia na magharibi, ndiyo maana mtu wa Mombasa akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anamaanisha ule ambao mwenzake wa bara anauita Alhamisi usiku. Kwa hiyo mteja akinipigia na kusema "walinzi wa Ijumaa usiku", siku hizi namuuliza: usiku wa kuamkia lini? Zamu ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi inaandikwa kwa vipande viwili: Ijumaa 18:00 mpaka 23:59, na Jumamosi 00:00 mpaka 06:00. Kipande cha pili kina jina la siku nyingine, ndiyo maana husahaulika.

Kagua pia saa ya paneli yenyewe. Ikiachwa kwenye saa ya Greenwich, mlango uliopangwa kufunguka 08:00 utafunguka wakati Nairobi ni 11:00. Na usidhani tofauti ya saa 3 ilikuwako tangu zamani: katika hifadhidata ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta nyingi, Nairobi kuanzia 1937 mpaka katikati ya 1942 ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Saa ni makubaliano ya watu, na makubaliano hubadilika.

SIKUKUU HAINGOJI PROGRAMU

Ile sehemu ya Jumapili ya miaka ya 1870 leo imekuwa orodha ya sikukuu. Januari unakaa, unaingiza tarehe zote, na siku hizo mlango mkuu haufunguki wenyewe asubuhi. Ukisahau tarehe moja, saa mbili asubuhi mlango unafunguka wazi na ofisi haina mtu.

Kenya yetu ni mtihani mzuri wa orodha hiyo. Idd-ul-Fitr hungoja mwezi uandame. Sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria inasogeza mapumziko hadi siku inayofuata. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, Katiba ya 2010 ikaiacha nje, Mahakama Kuu ikairudisha 2017, ikaitwa Siku ya Utamaduni, na mwaka wa 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Na Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa mapumziko ya kupanda miti wiki moja tu kabla. Ratiba gani ya Januari ingelijua hilo?

Mafundi walipata suluhisho ambalo nalipenda kwa unyenyekevu wake. Unauambia mlango: saa mbili ikifika usifunguke kwanza; ngoja mpaka mtu wa kwanza mwenye kadi inayokubalika aingie, ndipo ubaki wazi. Hakuna aliyekuja? Basi ni sikukuu, hata kama hakuna aliyekuambia. Yaani saa inakiri kwamba haijui kila kitu, inamngoja binadamu.

MLANGO WA KUTOKEA

Nimeacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Jumamosi tarehe 25 Machi 1911, karibu saa kumi na dakika arobaini jioni, watu wakijiandaa kumaliza kazi, moto ulizuka katika kiwanda cha mashati cha Triangle huko New York. Kiwanda kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Ghorofa ya 9, mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wafanyakazi walizoeshwa kutokea upande mmoja, mikoba yao ikikaguliwa wasije wakaiba. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Wenye kiwanda walishtakiwa, na Desemba mwaka huo huo wakaachiliwa. Lakini sheria za usalama wa majengo zilianza kuandikwa upya.

Wala tusidhani hayo ni ya mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa.

Ndiyo maana kanuni ya kazi hii ni moja, na nilipaswa kuijua kabla sijagusa kibodi: ratiba inatawala kuingia, haitawali kutoka. Kufuli la sumaku liachie umeme ukikatika. Kengele ya moto ikilia, milango ya kutokea ifunguke bila kuuliza kadi. Na kila mlango uwe na kitufe au kishikio cha ndani kisichojua saa wala jina. Sefu ya Sargent ingeweza kukataa usiku kucha kwa sababu ndani yake mlikuwa na pesa tu. Sisi tulichukua wazo lile tukalipeleka kwenye vyumba vyenye watu, na mimi nikasahau tofauti hiyo.

Siku ile ile niliandika kipande cha pili cha ratiba. Nilimwambia pia mwenye jengo kwamba visoma vya ndani vitaendelea kurekodi, ila havitamzuia mtu. Alilalamika kidogo kuhusu hesabu ya saa. Nikamwonyesha ule mstari wa 01:40, nikamwambia huyo ni mtu aliyekuwa akiomba kutoka. Akakubali. Fundi alikuja mchana na lile boksi.

Tangu hapo, kabla sijakabidhi mfumo wowote, nabaki ndani ya jengo mpaka saa sita usiku ipite. Nagusisha kadi ya mfanyakazi mwenye ruhusa ndogo kuliko wote, nione kama nitatoka.

Haya, kwa leo niishie hapo. Kama unasimamia mfumo wa namna hii, fungua ratiba zako jioni hii utafute kila mahali palipoandikwa 23:59. Ukiipata, uliza kipande cha pili kiko wapi. Tukutane tena.